Kadi ya Rangi Niliyoiiba Musoma

Maishani mwangu nimeiba kitu kimoja tu, na mpaka leo sijakirudisha. Ni kadi ngumu isiyozidi kiganja, yenye vimraba sita vya rangi, vinavyoanza na njano ya kiini cha yai na kuishia kijani cha jani la mhogo. Inaning'inia dukani kwangu hapa Bunda nyuma ya kaunta, ndani ya fremu ya kioo, juu ya mifuko ya chakula cha samaki. Wateja wengi wanadhani ni leseni. Jua limeshaichosha; njano imekuwa nyeupe, kijani kimekuwa majivu, na haifai tena kupimia chochote. Lakini mwezi uliopita ilifanya kazi mara moja tena, siku Deo alipoingia akiegemea fimbo, akavua kofia, akaniita "mama" kwa adabu zote bila kunitambua. Alitaka kipimo cha maji. Nikasema moyoni, haya Nyabwire, mgeni wako kafika. Nikamvutia kiti akae, maana mtu uliyemsubiri miaka yote hiyo hutaki achoke mapema.

Mwaka wenyewe naukumbuka kwa sabuni. Ndio mwaka sabuni ilipojaa tena madukani Musoma. Kabla ya hapo tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai, na ukionekana na kipande cha sabuni unaulizwa umekitoa wapi, nani anakujua. Kisha biashara ikafunguliwa. Malori yakaanza kuingia kutoka Sirari na mitumba, betri, redio na biskuti za kila namna, na watu waliokuwa wakubwa wa maduka ya serikali wakaamka asubuhi moja wakiwa wafanyabiashara. Mmoja wao alikuwa Mzee Masatu. Alijenga nyumba ya wageni Kamunyonge, vyumba saba na sebule moja kubwa, na mimi nilikuwa mpishi wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Bukima na darasa la saba na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilikuwa mtu wa kuimba. Niliimba nikisonga ugali, niliimba nikifua mashuka, mpaka Mama Sofi, mke wa mzee, akaniambia siku moja, "We Nyabwire, hivi hata ukipata msiba utaimba?" Nikacheka. Sikujua.

Kati ya jiko na sebule palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kupitia kidirisha hicho ndipo niliposomea sekondari yangu. Kila lililosemwa mezani nililisikia. Siku moja Mzee Masatu alikuwa amerudi kutoka Mombasa, akaacha sato wake apoe kwenye sahani.

"Mama Sofi, samaki wa bluu! Bluu kama kile kitenge chako cha Pasaka. Yuko ndani ya kioo, kwenye maji ya bahari, na mawe yenye uhai pembeni yanafungua na kufunga kama maua."

"Masatu, una ziwa zima hapo nje."

"Ziwani kuna sangara. Sangara kila mtu anaye. Wale wageni wa kiwanda cha minofu wanakuja kutafuta mbia hapa Musoma. Watamkumbuka nani, mwenye sangara kwenye sufuria au mwenye bahari sebuleni?"

"Watamkumbuka mwenda wazimu."

Lakini alishaamua. Kioo alikitengeneza Fundi Salum, fundi wa madirisha mwenye kibanda karibu na soko, mtu mpole aliyekuwa akizungumza na kioo anapokikata kana kwamba anambembeleza mtoto. Maji yalikuja kwa lori la pamba la Bunda, lililokwenda Dar na marobota likarudi na mapipa ya bahari. Mji mzima ulitoka kutazama. Wanawake waliokuwa wakitoka ziwani na ndoo kichwani walisimama pale pale, wakacheka mpaka maji yakamwagika. "Masatu kaagiza maji! Kesho ataagiza upepo!" Wengine waliomba kuonja. Walichovya kidole, wakatema, wakaomba tena.

Katika lori hilo hilo alishuka Deo, mdogo wake Mama Sofi. Alikuwa na cheti cha chuo cha samaki, kalamu tatu mfukoni, na saa aliyoitazama hata alipoulizwa jambo lisilohusu muda. Mzee alimweka awe mtaalamu wa bahari yetu, na kiwanda kikija awe meneja. Mimi niliwekwa kulisha samaki na kufuta kioo. Ila siku ile ya lori, mzee, kwa furaha zake, alisema mbele yetu sote pale barazani: "Atakayenitunzia samaki wangu wakija, wawe hai mpaka wageni wafike, nampeleka kozi ya samaki Mwanza kwa gharama yangu. Hata kama ni Nyabwire." Watu walicheka kwenye "hata kama". Mimi sikusikia "hata kama". Nilisikia kozi. Usingizini nikaanza kujiona na koti jeupe, nimeshika kichupa kwenye mwanga.

Pamoja na maji vilikuja vipimo viwili ili tuchague kimoja, kingine kirudi. Kimoja kilikuwa sanduku kubwa la kung'aa lenye picha ya samaki, chupa nyingi zimepangwa kwenye sponji kama vito, kitabu cha lugha tano. Kingine kilikuwa kiboksi cha karatasi kilichobonyea pembeni, kimefungwa kwa mpira wa nywele, na ndani yake chupa tatu ndogo, kichupa cha kupimia, na kadi mbili za rangi. Deo hakukigusa hicho cha pili. "Hiki ni cha watoto," akasema, akafunua sanduku kubwa kwa vidole viwili, na wote tukasogea kunusa upya wake.

Sasa mimi mama yangu alikuwa akiuza dagaa pale Bukima. Wanunuzi walikuja na madebe yao kutoka mjini, mengine yamepondwa kitako yapokee zaidi, mengine yamewekewa kitako cha pili. Mama hakuwahi kugombana. Alikuwa akisema tu, "Debe zuri, mwanangu, ngoja nilijaribu," kisha anamimina dagaa alizokwisha kuzipima nyumbani kwa debe lake. Debe la mtu likidanganya juu ya dagaa unazozijua, halitasema kweli juu ya usizozijua. Basi nami nikafanya vile vile, bila hata kuona kuwa ni jambo la maana. Walipoingia kula nilichukua maji ya bahari yaliyotoka pipani, maji ambayo hayana shida yoyote, nikayapima kwa vipimo vyote viwili, tone kwa tone, nikifuata michoro. Kile kidogo kikasema maji mazuri. Lile sanduku kubwa likasema pH iko chini, maji yamekuwa makali. Nikarudia, likasema vile vile. Nikageuza chupa zake, nikaona chini tarehe imepigwa muhuri, na tarehe ilikuwa imekwisha kupita zamani. Halafu nikaona jambo jingine: sanduku lote lile halikuwa na chupa ya amonia. Kiboksi kibovu kilikuwa nayo. Kitabu kilikuwa na ukurasa wa Kiswahili, na ukurasa ulisema uchafu wa samaki mwenyewe ndio sumu ya kwanza, nao unaitwa amonia. Nilikielewa mara moja. Mtu yeyote aliyewahi kusafisha choo angekielewa.

Nilimwambia Deo wakati ninamwekea chai. "Kaka Deo, lile kubwa linakosea. Nimelijaribu kwa maji ya pipani."

Alitazama saa. "Umelijaribu wewe?"

"Ndiyo. Na tarehe yake imepita."

"Nyabwire," akasema, na akatabasamu vizuri, maana hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi miaka yote, "ukitaka kujua kama mlenda umeiva, mimi nitakuja kukuuliza wewe. Sawa mama?"

Sanduku kubwa likawekwa mezani sebuleni, wazi, wageni waone chupa. Kiboksi kidogo kilitakiwa kurudishwa, lakini lori lilishaondoka. Nikakitunza jikoni, kwenye rafu, nyuma ya kopo la magadi.

Samaki walikuja baada ya majuma matatu kwa ndege ndogo, kila mmoja kwenye mfuko wake uliotuna hewa. Walikuwa watano. Nikawapa majina kabla ya mtu yeyote kuniambia majina yao ya kitabuni: wa bluu akawa Bibi Harusi, wawili wa machungwa wenye mistari, Pacha, mwembamba aliyekaa pembeni akitazama wote, Karani, na mnene wa njano, Padri, kwa sababu alipita kila kona kana kwamba anabariki. Nilipika nikiwa na haraka nikamalize nikawatazame. Niliwaimbia. Kila asubuhi, kabla ya chai ya wageni, nilipima maji kwa kiboksi changu, nikaandika rangi kwenye karatasi za unga: njano, njano, njano. Deo naye alipima kwa sanduku lake mchana, watu wakiwepo, akiinua kichupa juu kabisa.

Kisha Deo akaanza kuwalisha. Wageni wa kiwanda walikuwa wamepiga simu ya upepo kuwa wako Mwanza, wanakuja siku ya tatu, na Deo alitaka samaki wanenepe. Alisaga dagaa akamimina ngumi nzima, asubuhi na jioni. Chakula kilichobaki kilikaa kwenye mawe kikiota ukungu. Asubuhi ya pili kadi yangu ilisema kijani hafifu. Asubuhi ya tatu ikasema kijani cha jani la mhogo, na Padri alikuwa amesimama juu ya maji akihema mdomo wazi.

Nilikimbia na kichupa mkononi. "Kaka Deo, ni amonia. Tutoe nusu ya maji tuweke ya pipani. Mapipa mawili bado yako stoo."

"Maji ya pipani ni ya akiba. Na shida ni pH, imeshuka." Akanionyesha kichupa chake. "Tunaipandisha tu."

Akaingia jikoni kwangu. Nilimwona kwa macho yangu akishusha kopo la magadi, haya haya tunayolainishia mlenda na maharage, akachota nusu kikombe, akakoroga kwenye jagi la maji.

"Magadi ni ya mlenda, kaka Deo!"

"Kati yetu sisi wawili nani kasoma?" akasema, akaenda kulimimina jagi lote kwenye kioo.

Wakati ule sikujua kwa nini, nilijua tu kuwa ni kosa. Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya wafugaji wa samaki, mwalimu alieleza ubaoni: amonia kwenye maji yenye pH ya chini inalala; ukiyapandisha kwa magadi unaiamsha, na ikiamka inaua. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Wageni walifika wakati wa chakula cha mchana, wanaume wawili wenye mashati mepesi na mkalimani. Nilikuwa nimepika sato wa nazi, ugali wa muhogo na mtama, na dagaa wa kukaanga pembeni kwa sababu mmoja alisema anataka kuonja chakula cha kwetu. Nilipitisha sahani kidirishani, na kupitia kidirisha hicho hicho nikawaona. Bibi Harusi alikuwa kwenye kona amelala ubavu. Pacha wote wawili wanaelea. Padri tumbo juu. Karani peke yake ndiye aliyekuwa bado anazunguka, anazunguka mahali pamoja, kisha akaacha. 

"Shemeji," Mzee Masatu akasema taratibu, "hii ni nini?"

Deo alinigeukia mimi. Hakufikiri hata kidogo. Ilikuwa kama alishaandaa. "Huyu ndiye anayefuta kioo. Anatoka kukaanga dagaa anaingiza mikono kwenye maji. Mafuta yameua samaki. Nyabwire, njoo. Nyoosha mikono."

Nilinyoosha. Nilikuwa mtoto wa watu, nimeambiwa nyoosha, nikanyoosha.

"Nuseni," Deo akasema. "Dada, nusa."

Mama Sofi akanusa, akakunja pua. "Dagaa."

"Mama, ni magadi," nikasema. "Kaka Deo katia magadi."

"Kopo la magadi liko jikoni kwa nani?" akaniuliza Mama Sofi. Mkalimani akawaeleza wageni. Mmoja wao akainama, akanusa mikono yangu yeye mwenyewe, kwa utani, akasema kitu, na wote wakacheka. Mzee Masatu naye alicheka, kicheko cha mtu anayeokoa chakula chake cha mchana. Walicheka kwa muda mrefu, na hakuna aliyeniambia nishushe mikono. Nilisimama nayo hivyo hivyo mbele yangu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu, mpaka kicheko chao kikaisha chenyewe.

Nilifukuzwa kabla sahani hazijaoshwa. Nilipokuwa nafunga kanga zangu jikoni, niliona kiboksi kwenye rafu. Ningeweza kukichukua chote. Lakini nilikuwa na hasira yenye akili siku hiyo. Nilijua samaki wengine wataagizwa, na nilijua mwisho wa yote Deo, sanduku lake likishindwa, atashika hiki kidogo. Basi nikaacha chupa zote, nikatoa kadi ya amonia tu, nikaitia kwenye sidiria. Kipimo bila kadi ni maji ya rangi. Atapima, atapata kijani, na hatajua kama kijani ni uzima au kifo. Nje nikamkuta Fundi Salum, aliyekuwa ameitwa kuja kuangalia kama kioo chake kinavuja sumu. Alisikia yote dirishani. "Binti yangu," akasema, "mimi nilijenga nyumba ya kioo. Aliyewasha moto ndani namjua, lakini mimi ni fundi tu, nani atanisikiliza? Nenda Bunda kwa shemeji yangu, ana duka la dawa za mifugo. Mwambie Salum kasema mikono yako ni safi." Neno hilo la mwisho lilinitoa machozi kuliko matusi yote.

Na kweli samaki wa pili waliagizwa. Habari zilinifikia Bunda kupitia kwa dereva wa lori la pamba: wamekufa wote, siku sita tu, mtaalamu alikuwa na kipimo mkononi hajui kukisoma. Wageni walimchukua mbia mwingine. Deo hakuwa meneja wa chochote. Nisidanganye, nilifurahi. Nilinunua maandazi mawili nikala pale pale kando ya lori, nikilamba vidole. Nilikuwa kwenye andazi la pili nilipomuuliza dereva, "Walikuwa wa rangi gani?" Akasema, "Kulikuwa na mmoja wa bluu." Andazi nikalirudisha kwenye karatasi. Wale hawakuninusa mikono. Wale walikuja kwenye mifuko yao kama wenzao, na kadi ambayo ingesema toa maji, toa maji, ilikuwa kifuani kwangu. Kisasi changu cha kwanza kilipita juu ya kichwa cha Deo kikaua wasiohusika. Nilijiapia kuwa cha pili, kikija, kitampata yeye peke yake.

Kwa hiyo nilikaa. Niliuza dawa za mifugo, nikajifunza, nikafungua duka langu watu walipoanza kuchimba mabwawa. Kwenye kozi ya Mwanza sikwenda kamwe. Koti jeupe nilijishonea mwenyewe, ndilo nililokuwa nimevaa mwezi uliopita, Deo alipokaa kwenye kiti nilichomvutia.

"Nina bwawa Bugwema," alinieleza, akifuta jasho. Ndani ya duka walikuwepo akina mama watatu wa kikundi cha ufugaji na vijana wawili waliokuja kuchukua vifaranga wa sato. "Sato wangu tangu juzi wanapanda juu, wanahema. Mimi ni mtaalamu wa zamani, mama, nimejaribu. pH ilikuwa chini, nikatia magadi kidogo. Wamezidi."

Magadi. Miaka yote ile, na bado. Ningeweza kumwambia, ongeza. Neno moja tu, na bwawa zima lingegeuza matumbo juu, na mzee angerudi nyumbani kuhesabu hasara yake. Neno lilikuwa ulimini. Nikamwona Padri mdomo wazi.

"Acha magadi kabisa," nikamwambia. "Acha na chakula. Ukifika tu, toa nusu ya maji, ingiza mapya. Wanakufa kwa amonia, na magadi ndiyo yanayoitia makali." Nikaweka vipimo viwili kwenye kaunta, kikubwa cha kung'aa na kidogo. Mkono wake ukaenda kwenye kikubwa.

"Kijaribu kwanza kwa maji unayoyajua, kaka Deo," nikasema.

Mkono ukasimama. Akanitazama, akatazama koti, kisha macho yake yakapanda mpaka kwenye fremu juu ya mifuko, kwenye vimraba sita vilivyopauka. Fimbo yake iliteleza ikaanguka sakafuni na hakuiokota.

"Nyabwire," akasema.

"Nyoosha mikono."

"Mama, watu hawa..."

"Samaki wako nimeshawaponya. Hiyo ni kazi yangu. Hii nyingine ni yetu sisi wawili. Nyoosha."

Alinyoosha. Ilikuwa mikono ya mzee, yenye mabaka. Nikainama juu ya kaunta nikainusa taratibu, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, bila haraka, kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akina mama wa kikundi walisogea karibu.

"Haina harufu," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mnaona? Magadi hayanuki. Ndiyo maana mwenye dagaa alifukuzwa na mwenye magadi akala chakula cha mchana."

Wateja hawakujua ni hadithi gani. Waliona tu mzee mwenye kofia mapajani amenyoosha mikono kama mtoto wa shule, na mama mwenye duka anamnusa. Mmoja akaguna, mwingine akafunika mdomo na kanga, kisha duka zima likacheka. Deo alinitazama akisubiri nimwambie ashushe. Nilikifungia kipimo kidogo kwenye karatasi, nikakagua kadi zake zote mbili kama zimo, nikafunga kwa kamba, fundo moja, fundo la pili. Niliwaacha wacheke mpaka kicheko chao kikaisha chenyewe.